Ughaibuni Uani Kwangu

Kuanzia tarehe 18 Desemba mtu wa Kerege havuki barabara, anaomba kuvushwa. Magari ya Dar yenye safari ya Moshi na Arusha, yanayoikimbia foleni ya Kibaha na Chalinze, yote yanapitia kwetu: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Bagamoyo, halafu yanashika ile lami ya kilomita 64 mpaka Msata na kutokea barabara kuu ya Segera. Juu ya paa godoro, nyuma jiko la gesi na kreti za soda, katikati wamebanana Wachaga wanaokwenda kula Krismasi kwao. Sisi tumekaa kwenye benchi la kijiweni tunawatazama. Wakiteremka ni kuulizia nanasi, na wakishatajiwa bei wanapanda tena.

Sina ugomvi na mtu anayekwenda kwao. Aende salama, ale mtori, arudi Januari akiwa hana hata nauli ya bodaboda. Ugomvi wangu ni na wale wasiokwenda kwao, kwa sababu hao wanabaki kwangu.

Bei ya viwanja Kerege ilipoanza kupanda, wenye haraka waliuza, wenye tamaa tukajenga. Nikasimamisha vyumba vinne vya uani vinavyotazama mwembe, choo cha nje, na kisima ambacho maji yake yana chumvi ya kutosha kukuokolea ile ya mezani. Nilitarajia wapangaji wa kawaida: kijana wa bajaji, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mama muuza mihogo. Mungu akaniletea Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu yako Arusha, najua, lakini shughuli zenyewe zinafanyika uani kwangu, na hata ile desturi ya nchi wanachama kuchelewesha michango imehamia huku.

Chumba cha kwanza yuko Mkenya, mtu wa Nakuru, fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja upande wa Mapinga. Alipofika hakujua shikamoo. Alijifunza mwezi ambao kodi ilichelewa, na tangu hapo nasoma hali ya mfuko wake kwenye salamu: akisema "Sasa Mzee", mshahara umeingia, akiniamkia kwa heshima zote, hakuna kitu. Cha pili ni cha Mwalimu, binti wa Masaka, Uganda, anayefundisha hesabu na Kiingereza kwenye shule ya ingilishi midiamu. Huyu hupiga magoti kunisalimia, kisha akiinuka ananisahihishia tarehe niliyoandika kwenye risiti. Cha tatu ni cha Papaa, fundi cherehani wa Bukavu, ambaye huvaa suti na viatu vya kung'aa kwenda kununua mkaa wa kopo. Cha nne amekaa Binti, wa Hamburg, Ujerumani, anajitolea kwenye chekechea moja Bagamoyo. Babu yangu angemwona huyu angecheka mpaka akohoe. Wajerumani aliosimuliwa yeye walikuja wakatutoza kodi ya nyumba, mwaka 1898 huo. Huyu ni Mjerumani wa kwanza katika historia ya ukoo wetu kutulipa sisi kodi ya nyumba.

Urafiki wao ulizaliwa kwenye luku. Mita ni moja, vyumba vinne, na Papaa ana pasi. Walianza kwa kununiana, wakaja kukaa kikao, kikao kikahamia barazani kwangu kwa sababu ndiko kuliko na kahawa, na tangu hapo hawajaondoka. Kila jioni wapo. Kahawa yangu, kashata za mama watoto, na mazungumzo ya kwao.

Basi usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba nimejilaza, dirisha wazi kwa ajili ya joto, nikamsikia Mkenya chini ya mwembe akiwaambia wenzake kwa sauti ya msiba: "Krismasi ya ughaibuni ni ngumu, wasee." Wenzake wakaguna kukubali. Nikaketi kitandani. Maisha yangu yote ughaibuni ni mahali pa kwendea kwa ndege. Ni Muscat, alikokwenda mjomba akarudi na kanzu za kung'aa. Ni London, ni Minneapolis, ni kule ambako mtu akirudi anakunywa maji ya chupa nyumbani kwa mama yake. Sasa naambiwa ughaibuni kumbe ni hapa, kati ya choo changu na banda langu la kuku. Kitovu changu kimezikwa chini ya mkorosho ule wa nyuma. Sijawahi kuvuka mpaka wowote. Na kumbe nimeishi ughaibuni tangu kuzaliwa, na hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kunipigia kuniomba hela.

Asubuhi Mkenya akaendeleza. "Hapa kwenu, Mzee, joto ni mingi, mbu ni mingi, na Krismasi haiko. Hata redio ya duka inapiga taarabu."

Nikachukia. Mimi ni Muislamu, marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, lakini kuna maneno mtu wa wilaya ya Bagamoyo hayavumilii. Nikamwambia mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo mwaka 1868, wakasimamisha msalaba, wakapanda miembe, na mwaka 2018 Wakatoliki walikusanyika pale pale kuadhimisha miaka 150. Krismasi ilipita hapa ikielekea kwingine! Mkenya akajibu kwamba mmisionari Krapf alikuwa Rabai, kwao Kenya, mwaka 1846. Mwalimu akatoa mashahidi wa Namugongo. Papaa akawasubiri wamalize, akakunja nne, akasema mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491. Kimya. Binti, ambaye kwao walitutangulia sote, alikuwa na adabu ya kunywa kahawa yake.

Nilipotoka kwenye ubishi ule nilikuwa nimeshachaguliwa mweka hazina.

Mtanzania hazikwi wala haoi bila kamati, na wageni hawa wameshaambukizwa. Mwenyekiti Mkenya, katibu Mwalimu, burudani Papaa, mapambo Binti. Hazina nikapewa mimi kwa hoja kwamba Mzee ni Muislamu, hana upande. Nikasema nina upande, upande wa kulala saa nne. Haukuandikwa kwenye muhtasari. Mchango ukapangwa, kila mtu sawa na mwenzake. Mimi nikaambiwa nitachangia kwa mali, yaani uwanja, mwembe, kisima, masufuria na mke. Mke mwenyewe hakuulizwa, lakini alikubali kabla sijakataa. Likafunguliwa kundi la WhatsApp, likaitwa Krismasi Ughaibuni, picha yake ni nyumba imefunikwa theluji mpaka dirishani. Nikaingizwa. Nimeitazama picha ile mara nyingi nikijifuta jasho.

Nilidhani siku ya Krismasi haihitaji kikao. Ni tarehe 25, imo kwenye kalenda ya ukutani, imepigwa wekundu. Kumbe sivyo. Binti akasema kwao shughuli yote ni tarehe 24 usiku: mti, zawadi, nyimbo, chakula, tarehe 25 watu wamechoka. Mkenya akasema hajawahi kusikia mtu anakula Krismasi gizani, Krismasi ni tarehe 25 mchana, jua likiwa utosini. Mwalimu akataka tarehe 25 baada ya ibada, na 26 iachwe kwa kutembeleana. Tutatembeleana vipi nasi tunaishi ua mmoja? Akasema tutazunguka. Papaa alikuwa akipunga mkono kuwafukuzia mbali wote. "Noeli ni ya batoto," akasema. "Bonane ndjo ya batu bakubwa." Bonane ni mwaka mpya wao, na unaanza kusherehekewa tarehe 31 jua likizama. Kamati ikaamua, bila kupiga kura, kwamba tutaadhimisha zote. Kuanzia Mkesha wa Noeli mpaka Januari mosi ua wangu haukuwa na mwenyewe.

Vita kubwa ilikuwa ya chakula, na hapa naomba nisikatizwe.

Huku pwani sikukuu ina chakula kimoja. Idi, pilau. Maulidi, pilau. Ndoa, pilau. Arobaini ya marehemu, pilau, na marehemu mwenyewe angefufuka angeulizia ukoko. Krismasi ya majirani zetu Wakristo nayo ni pilau, na sahani hufunikwa kawa na kuletwa kwetu, kama sisi tunavyowapelekea ya Idi. Mambo haya yamekwisha kupangwa. Mama watoto anapika pilau isiyo na mchezo: kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe rangi ya kahawia iliyoiva, si ile ya njano ya watu wenye haraka, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, vyote vimetwangwa asubuhi ile ile. Nikaliarifu kundi: chakula ni pilau. Nikaweka na alama ya dole gumba.

Mkenya akajibu kwamba Krismasi bila chapo si Krismasi. Akanunua unga kilo tano, akaiteka meza yangu ya kulia, akaigeuza kibao cha kusukumia. Mwalimu akataka luwombo. Hii nitaieleza kwa sababu niliiona kwa macho. Alikata majani ya migomba yangu, na hakuchagua yaliyochanika, alichagua lile jani jipya ambalo nilikuwa nalitazama kila asubuhi likifunguka. Akatoa uti wa kati kwa kisu, akalibabua jani juu ya moto mpaka likalegea likawa laini, halafu akalitandaza ndani ya bakuli. Kipande cha kuku kilichokaushwa kidogo juu ya makaa, mchuzi mzito wa karanga, akakusanya ncha za jani, akafunga kwa kamba ya mgomba, akapanga mafurushi ndani ya sufuria na kuyapika kwa mvuke. Mama watoto alisimama mlangoni amekunja mikono, na uso wa mwanamke ambaye jiko lake limevamiwa. Furushi la kwanza lilipofunguliwa na harufu ikatoka, alikunjua mikono. Jioni ile alikwenda mwenyewe kukata jani la pili nililokuwa nikilitazama.

Kwa Papaa amani ilikataa. Alitaka sombe, nasi tukafurahi, maana sombe yake ni kisamvu chetu, shamba limejaa. Tukachuma, tukatwanga. Mama watoto akashika mbuzi kukuna nazi. Papaa akapiga kelele utadhani amekuna kidole. Akasema majani haya ni ya mawese. Mama watoto akasema majani haya yameota Kerege na hapa yanapikwa kwa tui. Papaa akasema mama yake hakuwahi kuweka nazi. Mama watoto akasema nazi mama yake angeitoa wapi, Bukavu hakuna mnazi. Papaa akanitazama mimi. Mimi mweka hazina, sina upande. Akapanda daladala mpaka Makumbusho, akaunganisha mpaka Kariakoo, akarudi usiku na chupa ya mawese ya Kigoma aliyoibeba kifuani suti isichafuke. Nauli ikaingia kwenye hesabu. Zikapikwa sufuria mbili.

Ile ya nazi ndiyo iliyotuokoa, maana saa ile ile Binti alifichua kwamba hali nyama. Mama watoto alishika kifua. Akaniuliza pembeni kama ni maradhi au nadhiri. Nikamwambia ni hiari. Hakuniamini, na mpaka leo akipika supu humchotea Binti kibakuli, humwekea mlangoni, "akipata nafuu."

Kulikuwa pia na dokezo la nyama nyingine. Mkenya na Mwalimu walilizungukia muda mrefu, wakisema "ile nyama", "ile ya Bunju". Nikawaambia nyama hiyo uani kwangu haina jina wala sufuria. Walielewa, ni watoto wenye adabu. Tarehe 23 walikwenda Bunju "kuangalia viatu", wakarudi bila viatu, wanameremeta midomo, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kupiga mswaki.

Mbuzi alikuwa kazi yangu kwa njia zote. Kuchinja nichinje mimi ili wote wale. Kununua nilisema nitanunua mimi, Mkenya akang'ang'ania kufuatana nami kama mwenyekiti. Tukaenda kwa Mmasai anayefuga upande wa ndani. Beberu alikuwa laki na nusu mpaka Mwenyekiti alipofungua mdomo. Aliposema tu "Boss, hiyo mbuzi ni pesa ngapi?" beberu akapanda hadi laki mbili na ishirini papo hapo, amesimama anatafuna. Nikamrudisha Mwenyekiti barabarani akasubiri chini ya mkorosho, nikaanza upya na salamu, hali ya mifugo, mvua za vuli, na afya ya mzee wake. Kwa laki na sitini nikaondoka naye. Kwenye hesabu niliandika laki na sitini, na mbele yake, kwa mabano, "bila Mwenyekiti".

Wakati vitunguu vinakaangwa nilimsimulia mama watoto habari ya Stanley. Huyu alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyepanga msafara wake hapa hapa Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji. Desemba ikawafikia kule, wazungu wawili, mbali na kwao. Wakaamua wale Krismasi kama wanavyokula watu wa kwao. Kwenye soko la Ujiji wakatafutiwa kondoo mwenye mkia wa mafuta, mbuzi, samaki, mayai, maziwa, vitunguu, viazi vitamu, na pombe. Stanley alikuwa ametoka kwenye homa usiku wa kuamkia siku yenyewe, hajiwezi, lakini asubuhi alivaa akaenda kumhutubia mpishi wake, Ferajji, juu ya uzito wa siku hii kwa wazungu na namna ya kupika vyakula vyao. Ferajji akaiharibu nyama ya kuoka na kuunguza kastadi. Karamu ikafa. Stanley akamweka mpishi kwenye kitabu, kikatoka mwaka 1872, na mpaka leo dunia nzima inajua kwamba Ferajji aliunguza.

Mama watoto aligeuza vitunguu. Akauliza, "Huyo Ferajji aliwahi kuiona hiyo kastadi?"

Nikasema nadhani hakuwahi.

"Na jiko lilikuwa la nini?"

Kuni, nikamwambia, ingekuwa nini.

"Mtu ana homa usiku, asubuhi amesimama jikoni kwa watu anafundisha upishi." Akaongeza kitunguu. "Ningeunguza na kiti alichokalia." Halafu akaniangalia, na nikagundua kwamba nami nimesimama jikoni kwa watu. Nikatoka.

Usiku wa tarehe 24 ulikuwa wa Binti. Mti wa Krismasi wa pwani ni mvinje, sindano zake zinafanana kidogo na picha, na Mkenya alimletea mmoja akiwa ameufunga kwenye bodaboda. Binti akaupamba kwa malaika wa karatasi waliokatwa na watoto wa chekechea, na biskuti za umbo la nyota alizooka mwenyewe jikoni kwetu, makaa chini, makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Akapachika mishumaa halisi. Nikasema moto na mvinje mkavu haviendani. Akasema kwao ndiyo desturi. Nikajaza ndoo mbili za maji nikaziweka karibu, hiyo ndiyo desturi yetu. Umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyelalamika. Watoto wa mtaa mzima wakajaa, Binti akaimba kwa Kijerumani, wakaitikia kwa maneno waliyoyatunga wao, nyota zote zikaliwa kabla ya ubeti wa pili. Tulichosahau ni kwamba yule beberu alikuwa amefungwa kwenye shina la mwembe, na kamba yake ilikuwa ndefu. Alfajiri tulikuta amemaliza matawi yote ya chini pamoja na malaika wawili. Mwalimu akasema tukimla mchana tutakuwa tumekula na malaika, na akataka tuamue kama hilo ni swali la Kanisa au la Msikiti. Nikachinja haraka kabla halijaanza.

Mchana wa tarehe 25 walikula. Sitaeleza zaidi, pilau ilikuwa pilau, chapati ziliisha, na mjumbe wa mtaa aliyekuja kuuliza kuhusu kelele za spika ya Papaa alipewa sahani, akasema rumba hii imeingizwa na UNESCO kwenye urithi wa utamaduni wa binadamu, haiwezi kuitwa kelele. Kweli iliingizwa, Desemba 2021. Sikujua mjumbe wetu anafuatilia.

Kilichonishinda ni simu. Mtandao uani kwangu unashika vizuri mahali pamoja tu, juu ya mfuniko wa zege wa shimo la choo. Ukishuka hatua moja, picha inaganda. Kwa hiyo saa tisa alasiri ikaundwa foleni, na kila mmoja kwa zamu yake alisimama pale juu, amevaa nguo mpya, anatabasamu, anamsalimia mama yake. Kulikuwa na ufundi wake. Simu inainuliwa kidogo kushoto ili mwembe uonekane na choo kisionekane. Mkenya alimwambia mama yake kwamba yuko karibu na bahari. Si uongo, bahari ipo, kilomita kadhaa nyuma ya mikorosho. Mama wa Nakuru akataka kumwona mwenye nyumba. Nikapandishwa juu ya mfuniko. Mama mnene, kitambaa kichwani, nyuma yake watu kama thelathini wanakula.

"Na nyinyi Waislamu huko mnasherehekea Krismasi?"

"Mama," nikamwambia, "sisi tunapika."

Alicheka sana, akaniombea, akaniambia nimwangalie mtoto wake asikonde. Nikamtazama mtoto wake na chapati mkononi, nikamwahidi. Mwalimu aliongea na kwao kwa Kiganda. Salamu peke yake zilimaliza bando, habari zenyewe zikasubiri mwaka mpya. Mama yake Binti alikuwa amevaa sweta, analia. Nikauliza theluji iko wapi tuione, Binti akatafsiri, mama akageuza simu dirishani: mvua tu, na kijivu. Miaka yote hii ya kadi za Krismasi!

Papaa alikuwa wa mwisho. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na tangu hapo hakuna anayemwuliza kwa nini sikukuu haendi kwao. Simu iliita ikakatika, akaipiga tena, ikapokelewa na dada yake. Alisikiliza zaidi kuliko kusema. Hakuinua simu kushoto wala kulia. Aliposhuka alisema, "Banasalimia bote," akajipakulia sombe ya mawese, akamwomba mama watoto amwongezee na ile ya tui juu yake. Mama watoto akamwongezea bila neno. Kisha akafungulia spika, na mjumbe, aliyekuwa anaaga, akaketi tena.

Bonane yenyewe niliisikia kwa sikio moja. Saa sita usiku yalipigwa masufuria yangu yote, hata lile la maulidi ambalo haliazimwi, na Papaa alipita kila mlango akiwapa watu mkono, mimi akanipa kupitia dirishani nikiwa kitandani. Suti nyeupe. Sijui aliishona lini.

Tarehe 2 Januari kamati ilikutana barazani kupokea mapato na matumizi. Nilidhani ni kusomeana tu na kupigiana makofi. Mwalimu alikuja na kalamu nyekundu. Akapitia daftari langu mstari kwa mstari, akiweka vema: mbuzi, vema, mchele, vema, mawese na nauli ya Kariakoo, vema kwa maelezo. Kwenye mkaa akasimama. Mkenya akasema gunia moja na debe mbili ni nyingi kwa watu wachache. Nikamkumbusha kwamba chapati zake peke yake ziliwaka kutwa nzima. Penye "mengineyo, 12,000" wote waliinama kusoma. Nikasema mengineyo ni mengineyo. Mwalimu akasema wanafunzi wake nao huandika hivyo. Ikabidi nitaje: mishumaa iliyoongezwa, soda ya mjumbe, na kamba fupi ya mbuzi iliyonunuliwa baada ya malaika kuliwa. Akanipa saba kwa kumi.

Ikabaki salio la shilingi 6,500. Papaa akataka tununue mawese ya akiba. Mkenya akasema hapana, liwe mtaji, maana Ramadhani inakaribia na baada yake kuna Idi, na kamati imara haivunjwi. Nikasema vizuri, nitaendelea kuzitunza. Wakatazamana. Binti ndiye aliyepewa kazi ya kuniambia, nadhani walikubaliana mapema: Idi ni sikukuu yangu, kwa hiyo safari hii nina upande, siwezi kushika hazina. Hazina atashika Mkenya.

Mwalimu akafungua ukurasa mpya kwenye daftari langu, akaandika juu "Idi" kwa wino mwekundu, chini yake majina. Wao 40,000 kila mmoja. Mbele ya jina langu akaandika 80,000. Nikauliza kwa nini mimi mara mbili, tena nyumbani kwangu.

"Ndiyo sababu, Mzee," akasema, bila kuinua kichwa. "Wewe uko kwenu. Hutunzi nauli."